Nafasi ya Msimamizi

Wosia wangu ulikuwa umekamilika kitambo, ila nafasi moja ilibaki wazi. Wiki hii nimeijaza na kutia saini mbele ya mashahidi. Naandika usiku huu kabla sijasahau nilikwama wapi.

Watu hudhani anayeahirisha wosia anaogopa kufa. Nilipomgusia mume wangu, jibu lake la kwanza lilikuwa, "Acha uchuro." Kifo chenyewe, kwa kweli, hakikunisumbua sana. Wala kugawa hakukunisumbua, maana mali yenyewe ni ya kuhesabika, na mara nyingi sheria imekwisha kukugawia sehemu hata kabla hujashika kalamu. Katika sheria ya Kiislamu, unachoweza kuusia hakizidi theluthi moja, na mrithi hausiwi mpaka warithi wenzake waridhie. Ufaransa, mwenye mtoto mmoja ana uhuru juu ya nusu tu ya mali yake. Akiwa na watoto watatu au zaidi, anabakiwa na robo. Kwingine uko huru zaidi. Basi upande huo niliumaliza jioni moja, nikiwa nimekaa mezani.

Nilikwama kwa msimamizi.

Mali haijigawi. Mtu akishafariki, lazima awepo wa kutafuta vyeti, kuupeleka wosia mahakamani, kuandikiana na benki na kulipa kodi, na kulipa madeni pia, kwa sababu deni hutangulia urithi. Hapo ndipo awape warithi haki zao, kisha atoe hesabu ya kila kilichoingia na kutoka. Mambo yakienda vizuri ni kazi ya miezi. Ndugu wakinuniana, ni miaka. Na anayebebeshwa mzigo huo, mara nyingi, naye ni mfiwa. Bado analia, na tayari anaulizwa nakala ya hati iko wapi.

Ukiitazama kazi kwa macho hayo, mtu wake ananijia mara moja: mdogo wangu wa mwisho. Ni mtu wa risiti. Ukimkopesha, anakurudishia pamoja na karatasi ya kuonyesha alivyokulipa. Ila kwetu yuko dada mkubwa, aliyetulea nusu ya maisha yetu, na yuko kaka anayependa kuulizwa kabla jambo halijaamuliwa. Kumwandika mmoja ni kuwaambia wengine, kwa maandishi, na wakati ambao hawataweza kukuuliza lolote, kwamba uliwapima na ukawapita. Sijawahi kuandika sentensi fupi iliyonitoa jasho kama ile: "Namteua fulani kuwa msimamizi wa mirathi yangu."

Nilifikiria kuwaweka wote watatu. Wakili akaniuliza swali moja tu: wakitofautiana, nani atakuwa na neno la mwisho? Sikuwa na jibu. Heshima ya kugawana sawasawa ingewatia katika ugomvi ambao leo hawana.

Mwishowe nikaenda kwa dada kwanza, kabla hata ya kumwuliza mdogo wetu kama anakubali. Nilikuwa nimejiandalia maelezo marefu. Akanisikiliza hadi mwisho, akasema, "Afadhali. Mimi nitakuwa nalia tu, hayo makaratasi nani atayasoma?" Kaka hakuwa mwepesi hivyo. Alinyamaza, kisha akabadilisha mazungumzo. Lakini amelisikia kutoka kinywani mwangu, hatalisikia likisomwa na mgeni. Huyo naye nimemwandika kuwa wa akiba, endapo wa kwanza atashindwa au atatangulia kufa. Kila wosia unahitaji wa akiba, na watu wengi hupitiwa na hilo.

Mdogo wangu nilipomwuliza hakusema ndiyo wala hapana. Aliuliza hati ziko wapi, nani ananidai, na nani ninamdai. Nikajua sikukosea mtu.

Mlezi wa watoto, iwapo mimi na baba yao hatutakuwepo, ni habari nyingine, na nimeitenganisha makusudi: atakayeishi nao si yule atakayeshika fedha zao. Ni moyo mmoja kupenda watoto, na ni moyo mwingine kutunza hesabu.

Kuhusu mashahidi, wakili alinionya mapema. Nchi nyingi hudai wawe wawili na washuhudie saini kwa pamoja, na mara nyingi shahidi aliyetajwa kurithi hupoteza kile alichoachiwa, yeye au mwenzi wake, hata kama wosia wenyewe unabaki halali. Ndiyo maana walioshuhudia wangu ni watu wasio na hata kijiko cha kungojea kwangu.

Yapo pia mambo ambayo wosia mara nyingi hauyafikii. Bima ya maisha na mafao ya kazini kwa kawaida huenda kwa jina lililo kwenye fomu yake, hata wosia useme vingine. Fomu yangu niliijaza nilipoanza kazi, sina mume wala mtoto, na aliyeandikwa humo alikuwa mama, ambaye sasa ni marehemu. Kagueni fomu hizo, jamani.

Hata wanaojua sheria huchelewa. Abraham Lincoln, rais wa Marekani, alikuwa mwanasheria, na alipouawa mwaka 1865 hakuwa ameacha wosia. Kisa kinachonigusa zaidi ni cha Aretha Franklin, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 2018. Familia ilidhani hakuandika chochote, hadi zilipopatikana karatasi za mkono wake, moja ya mwaka 2014 ikiwa chini ya mito ya kochi. Mwaka 2023 baraza la wazee wa mahakama lilikubali kwamba hiyo ya kochini ilikuwa wosia halali. Katika karatasi hiyo, jina la mwanawe mmoja kama msimamizi lilikuwa limekatwa na la mwingine kuandikwa mahali pake. Nikamwaza akiwa peke yake na kalamu, analikata lile jina. Hata yeye alisumbukia pale pale niliposumbukia mimi.

Wangu haumo kwenye kochi. Asili iko kwa wakili, na mdogo wangu anajua. Nywila sikuziweka ndani, kwa sababu nchi nyingi wosia ukishathibitishwa mahakamani huwa wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma. Nimeanza orodha ya pembeni ya akaunti, hati, wadai na wadaiwa. Rasimu yake nilimtumia mdogo wangu leo mchana. Amekwisha nijibu: deni la tatu halina tarehe, na la tano anataka kujua kama nilichukua risiti.