Hajiri aliulizwa?

Jana usiku mwanangu alikuwa ananisomea Mwanzo 16. Alipofika pale Sarai anapompa mumewe Abramu mjakazi wake Hajiri ili amzalie mtoto, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza: "Mama, Hajiri mwenyewe aliulizwa?"

Swali hilo niliwahi kuulizwa. Nilikuwa na miaka 22, nafundisha vijana Biblia, na somo la siku ile lilikuwa subira ya Abramu. Binti mmoja mkimya, wa miaka kama 14, akanyoosha mkono. "Mwalimu, Hajiri alikubali?" Nikamjibu kama nilivyojibiwa mimi na walionifundisha: zilikuwa desturi za wakati ule, tuendelee.

Hakuendelea. Naukumbuka mkono wake, kucha zimetafunwa hadi nyama, kidole kimekaa juu ya mstari wa sita. Akasoma taratibu, kwa sauti. Abramu anamwambia mkewe mjakazi yu mkononi mwako, mtendee uonavyo. Sarai anamtesa. Hajiri anakimbilia jangwani na mimba yake. Malaika anamkuta penye chemchemi, anamwambia arudi kwa bibi yake akanyenyekee. Akaniinulia macho. "Arudi kule kule anakoteswa?"

Darasa zima kimya. Mimi nikafunua sura ya 17.

Hakuuliza tena. Baada ya wiki chache akaacha kuja, na sikumfuata kwao kujua kulikoni. Hilo linaniuma mpaka leo.

Miaka mingi ikapita ndipo nikajua kwamba watetezi wa utumwa kule Marekani, karne ya 19, waliushika mstari huo huo wa malaika kumwambia Hajiri arudi, kuhalalisha kuwarudisha watumwa waliotoroka. Watu wa sala, wenye Biblia mkononi. Nikajua pia kwamba Waislamu, katika Hija na Umra, hwenda mara saba kati ya vilima vya Safa na Marwa, kule Makka, kwa ajili ya mama huyu huyu aliyehangaika kumtafutia mwanawe maji. Na katika sura ile niliyoikimbia, mjakazi ndiye anayempa Mungu jina: Mungu aonaye. Nimeisoma mara ngapi, macho yangu yako kwa Abramu tu!

Jana nilimwambia mwanangu ukweli: hakuulizwa.

"Sasa Mungu alikuwa upande wa nani?"

Nikamwambia asome tena tangu mwanzo, polepole. Akasoma. Alipofika kwenye ile chemchemi tukasimama hapo, tukakaa kimya, kitabu kiko wazi mapajani mwetu, mpaka usingizi ukamchukua.