Siku Bwana Nywele Alipong'olewa

Shangazi yangu alimpenda gavana Rod Blagojevich kwa sababu mbili, na zote alikuwa nazo kwenye pochi: kadi ya kupanda basi bure, waliyopewa wazee wa Illinois waliofikisha miaka 65, na kadi ya bima ya afya ya mjukuu wake, ya mpango wa All Kids, ambao haukumdai mtoto karatasi za uhamiaji. Jina lenyewe lilimshinda. Alimwita Bwana Nywele, na aliyewahi kuliona lile shungi hahitaji maelezo.

Alhamisi ya Januari 29, 2009 nilikuwa nyumbani kwake, Rogers Park, Chicago, nikingoja kuingia zamu ya usiku. Televisheni ilikuwa Springfield, mji mkuu wa Illinois, tangu asubuhi. Gavana alikuwa amekamatwa na FBI Desemba, simu zake zikiwa zimenaswa akijadili atapata nini kwa kiti cha useneta alichokiacha Obama, ambacho yeye ndiye aliyepaswa kumteua wa kukikalia. Siku hiyo ndipo alipokwenda kujitetea mbele ya maseneta wa jimbo, waliokuwa wakiamua kama wamwondoe madarakani. Hakula kiapo, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumhoji. Akaongea kwa muda mrefu: wazee, watoto, dawa za bei nafuu kutoka nje. Lazima nikiri mtu yule alijua kusema. Baba yake alikuwa mhamiaji kutoka Serbia, mwenyewe aliwahi kupigana ndondi, na kila alipobanwa alirudi ulingoni.

"Unamsikia?" shangazi akasema. "Kala, sawa. Lakini na sisi katulisha."

"Katulisha kwa hela yake, shangazi? Si kodi yangu na yako?"

"Wa kabla yake alinilisha nini?"

Wa kabla yake, George Ryan, wakati huo alikuwa gerezani kwa ufisadi, kwa hiyo hapo sikuwa na jibu. Nikamweleza habari ya hospitali ya watoto. Waendesha mashtaka walidai gavana alizuia dola milioni 8 za malipo ya madaktari wa watoto, huku akimsukuma mkuu wa hospitali hiyo amchangie dola 50,000 za kampeni.

Shangazi aliweka kikombe chini.

"Hospitali ya watoto? Watoto wagonjwa?"

"Wagonjwa."

"Mshenzi." Halafu hakusema kitu mpaka jioni.

Kura zilipopigwa, gavana alikwisha kurudi zake Chicago. Maseneta walisimama mmojammoja, Democrat wenzake wakiwemo, na hesabu ikasoma 59 kwa 0. Wakapiga nyingine, 59 kwa 0 tena, asishike cheo chochote Illinois maisha yake yote. Naibu wake, Pat Quinn, akaapishwa palepale. Muda si mrefu jina la Blagojevich likaondolewa kwenye yale mabango ya barabara za kulipia, ambayo kila moja lilikuwa limegharimu dola 15,000. Kesi, kifungo cha miaka 14 na huruma ya Trump ya 2020 vilikuwa bado mbele.

Nikasimama kutafuta koti niende kazini. Shangazi alikuwa anamchunguza Quinn kwenye kioo, kichwa ameinamisha upande.

"Na huyu," akauliza, "kadi yangu ya basi ataiacha?"