Besi ya Machame ndani ya Leipzig

Treni kutoka Berlin ilichelewa dakika 40, nikashuka Leipzig mbiombio, skafu mkononi, baridi ya Machi ikiniuma masikio. Ilikuwa Ijumaa, tarehe 21, siku ya kuzaliwa kwa Johann Sebastian Bach, mtunzi wa muziki wa kanisa. Ukitaka kuwa mkali wa hesabu, tarehe hiyo ina utata: alipozaliwa Eisenach mwaka 1685, Waprotestanti wa Ujerumani walikuwa bado wanafuata kalenda ya zamani, na kwa kalenda yetu ingekuwa 31 Machi. Lakini mzee mwenyewe aliijua 21. Mimi ni nani nibishe?

Kwa mtu aliyekulia Machame, Kilimanjaro, Leipzig si jina geni. Wamisionari wa Kilutheri waliofika kwetu mwaka 1893 walitumwa na misheni ya mji huu, na marehemu bibi alikuwa akitamka "Laipsigi" kama anayetaja kijiji cha ng'ambo ya mto. Nyimbo za wageni wale ndizo zilizonifundisha solfa, nikiwa kijana wa besi, ile sauti ya chini kabisa ya kwaya, usharikani.

Nje ya Kanisa la Mtakatifu Thomas imesimama sanamu ya Bach ya mwaka 1908. Mfuko mmoja wa koti umepinduliwa nje, mtupu. Bach alifanya kazi hapa kuanzia 1723 hadi alipofariki 1750, akiongoza wavulana wa kwaya na, miaka ya mwanzo, akitunga kantata, muziki wa kuimbwa ibadani, karibu kila wiki. Hela haikumtosha. Mwaka 1730 alimwandikia rafiki yake wa zamani akilalamika kwamba hewa ya Leipzig ikiwa nzuri, watu hawafi, na sehemu ya kipato chake ilitokana na mazishi. Mwaka uliotangulia alikuwa amepoteza zaidi ya thaler 100, fedha ya enzi hizo, kwa sababu hiyo. Nilicheka peke yangu pale uwanjani. Mtu mwenye watoto 20, ingawa nusu yao tu ndio waliokua, anaomba upepo mbaya uvume kidogo!

Ndani, karibu na madhabahu, kaburi lake limefunikwa kwa bamba la shaba lenye jina tu. Mifupa ililetwa hapa baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Kabla ya hapo ilikuwa kanisa jingine, ambalo liliharibiwa vitani. Siku hiyo bamba lilikuwa na maua. Sikuwa nimebeba ua, nikainamisha kichwa, nikatafuta kiti.

Saa kumi na mbili jioni ibada ya muziki ikaanza. Hakuna kupiga makofi. Kinanda kilipolia nilihisi benchi likitetemeka chini yangu. Kwaya ilikuwa roshani nyuma yetu, kwa hiyo huwaoni waimbaji. Unatazama mbele kwenye kaburi la mtunzi huku muziki wake ukikujia kisogoni. Utaratibu huo niliupenda kuliko ukumbi wowote wa tamasha.

Kisha nikaona ubao wa namba za nyimbo, sawa kabisa na ule wa kwetu. 85. Kinanda kikatangulia: mi, la, so, fa, mi, re, mi.

Ulikuwa ule wimbo wa Ijumaa Kuu, wa kichwa kilichovikwa miiba. Tuni yake ilianza kama wimbo wa mapenzi wa Hans Leo Hassler, mwaka 1601, kabla kanisa halijaichukua, na Bach aliirudia mara tano katika Mateso ya Mathayo, kazi yake kuhusu mateso ya Yesu, iliyoimbwa humu humu kanisani. Watu wote wakasimama wakaimba sauti ya kwanza. Mimi sauti ya kwanza siijui! Nikaingia na besi yangu, maneno ya Kiswahili, peke yangu kama mbuzi aliyepotea kwenye kundi la kondoo. Mzee wa jirani akageuka, akanitazama hadi mwisho wa beti, kisha beti la pili naye akashuka besi. Tulikwenda hivyo mpaka amina, hatukuzungumza neno.

Kituoni, nikisubiri treni, nikajirekodi kwa simu nikiimba beti moja, nikamtumia mwalimu wetu wa kwaya, na shikamoo juu yake. Jibu lilikuja kabla sijapanda behewa:

"Marahaba. Mstari wa tatu umeuharakisha. Kama kawaida yako."