Siku ndege ilipokaa kitako Pemba

Ilikuwa alasiri ya kuamkia Sikukuu, na kila mwenye kwao Pemba alikuwa anarudi. Mimi ni mpakiaji wa mizigo katika kiwanja cha ndege nje kidogo ya Chake Chake, na kazi yangu nyingi ni hizi Cessna Caravan za injini moja zinazotoka Unguja.

Rubani alitua vizuri, akaegesha, akazima injini. Nikatia kabari kwenye magurudumu. Akashuka kwa mlango wake wa mbele, akazunguka nyuma kuwafungulia abiria. Kilichokosekana ni mkongojo. Ndivyo tunavyoiita sisi ile nguzo fupi ya chuma inayotegemezwa chini ya mkia. Mkongojo wenyewe husafiri ndani ya ndege, na siku hiyo wenzetu wa Unguja waliutia mwanzo, kisha wakaufunika kwa masanduku, feni, ndoo za plastiki na kila kilichonunuliwa Darajani. Nikajisemea, aa, nitautoa tukishashusha.

Caravan husimama juu ya magurudumu mawili makubwa katikati na moja mbele. Mlango wa abiria uko nyuma ya yale makubwa, na mizigo mingi nayo iko huko huko. Rubani keshashuka, kwa hiyo pua imepungua uzito. Abiria nao, kwa hamu ya Sikukuu, wakainuka wote wakasongamana mlangoni. Nikaliona gurudumu la mbele linaachana na lami, polepole, wala halina haraka. Halafu mkia ukagusa chini: ko!

Mkono wangu ukamkimbilia wa kwanza ili nimshushe. Mzee mmoja wa kazi hii akanifokea: "Mwache! Asishuke mtu!" Alikuwa na haki. Wakiruka wanne watano kwa pamoja, mkia unakuwa mwepesi ghafla na pua inaanguka kwa kishindo. Hapo ndipo mguu wa mbele unapoumia, na pangaboi likigonga lami ndiyo balaa kubwa kuliko mkia kuchubuka.

Basi nikasimama mlangoni nikaanza kubembeleza. "Bi mkubwa, rudi ukae. Wewe kaka, shika viti, nenda mbele kabisa, taratibu." Mmoja mmoja. Bi mkubwa alikuwa na keki mapajani na hakutaka kusikia habari ya kurudi. Tukakubaliana keki itangulie mbele, naye aifuate. Huku chini, sisi wanne tukatia mabega chini ya kiwiliwili cha mkia, penye ile pete ya kufungia kamba. Yale mabawa madogo ya nyuma hatukuyagusa, maana bati lake ni jembamba. Watu walivyosogea mbele, mkia ukawa mwepesi mabegani, tukausindikiza mpaka gurudumu la mbele likagusa lami bila hata mlio. Hatukuuachia mkia. Wengine wakatoa mizigo kimoja kimoja hadi mkongojo ukaonekana, tukautegemeza, ndipo abiria wakashuka.

Ndege haikurudi Unguja jioni ile. Fundi alikuja kesho yake, siku ya Idi yenyewe, na uso wake ulisema hivyo. Akakuta pete imekwaruzika na bati limebonyea kidogo. Akakagua pia mguu wa mbele, akanionyesha kipande kidogo kinachovunjika makusudi mtu akiikokota ndege na kulikunja gurudumu kupita kiasi. Ukikikuta kimevunjika, ndege hairuki mpaka fundi aitazame. Miaka yote ile nilikuwa napita karibu nacho bila kukijua.

Niliwapigia Unguja: mkongojo utiwe mwisho, karibu na mlango. Wiki mbili wakafuata, ya tatu nikaukuta chini ya gunia la mchele. Nikaacha kubishana, nikaomba mkongojo wa pili. Ulichukua miezi mitatu kufika. Nimeupaka rangi nyekundu na kuuandika PEMBA, na huu hausafiri. Rubani akishika kitasa cha mlango, ananitazama kwanza. Nikishautegemeza, namwinulia dole gumba.