Uzi wa buluu kwenye chupa tupu

Jumamosi ya bamvua, maji yanapotoka mbali kabisa, nilikwenda Fumba, Unguja, na shangazi kuokota kombe, wale wa ganda wanaokaa topeni. Maji yakishatoka unatembea mpaka nyumba za pwani zinakuwa ndogo kabisa. Shangazi hawatafuti kwa macho, huwajua kwa unyayo. Akikanyaga kigumu chini ya tope, anainama. Nilihitaji 30 wa kupima kama wana plastiki, na tuliwapata kabla maji hayajaanza kujaa.

Kombe hula kwa kuvuta maji na kuchuja kilichomo, na chembe za plastiki, zile za chini ya milimita 5, humwingia humo humo. Samaki tunampasua tukatupa matumbo. Kombe tunamla mzima.

Maabara namtoa kila mmoja kwenye ganda, nampima, namtia kwenye chupa ya kioo yenye haidroksidi ya potasiamu ya asilimia 10. Chupa zinalala kwenye oveni siku mbili, kwa joto la nyuzijoto 40. Dawa inakula nyama, plastiki nyingi inaziacha. Halafu nachuja, na karatasi ya chujio inakwenda chini ya hadubini.

Safari hii kombe saba walikuwa na nyuzi za buluu, nyembamba kuliko unywele. Nikaugusa mmoja kwa ncha ya sindano iliyopashwa moto: ukajikunja, ukayeyuka. Plastiki. Moyo ulinienda mbio.

Kisha nikafika kwenye chupa tupu. Kila fungu la chupa lina moja isiyo na kombe, inayopitia hatua zote sawa na zenzake: plastiki ikionekana humo, imetoka maabara, si kwa kombe. Uzi wa buluu ulikuwemo, ule ule. Nikashusha macho: ncha ya mtandio wangu wa buluu wa poliesta, nayo ni plastiki, ilikuwa imechomoza nje ya koti.

Wapo wanaotoa hesabu ya chupa tupu kwenye hesabu ya kombe, wakaendelea. Mimi fungu lote nimelifuta. Shangazi anasomesha watoto wawili kwa kombe. Likishavuma sokoni neno kwamba kombe wa Fumba wana plastiki, hakuna mnunuzi atakayeuliza habari za mtandio wangu. Ikiwa plastiki imo, nitamwambia yeye kwanza, lakini iwe imetoka baharini kweli.

Bamvua nyingine ni baada ya wiki mbili. Shangazi amenipa kanga yake nyekundu nijifunge kichwani: ni ya pamba, na uzi wake ukidondoka nitaujua kwa rangi.