Siku moja maishani mwangu: herufi C isiyosomwa

Saa 1 asubuhi. Mwishoni mwa Novemba hapa Leeds saa hizi bado ni giza, na basi limejaa watu waliojikunyata kwenye makoti. Mimi naipitia kichwani mirija ya leo, mmoja mmoja. Ni sita tu, lakini nikikosea mmoja siku nzima imekwenda na maji.

Saa 2. Koti jeupe, glavu jozi mbili, beji ya kupima mionzi kifuani. Glavu hazinikingi mimi peke yangu. Ngozi yetu imejaa vimeng'enya, protini zinazoendesha kazi za kikemia, vinavyokula RNA, uzi unaofanana na DNA, na RNA ndiyo ninayotaka kuiona jioni. Kidole kitupu kikigusa ndani ya mrija, kazi imeliwa.

Kimeng'enya changu kinalala kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Kinaitwa primasi, na ninayoitumia ni ya T7, virusi vinavyoshambulia bakteria aina ya E. coli. Nimekipa miaka mitatu ya maisha yangu, na sababu ni hii. DNA inapojirudufu, anayeandika nakala ni kimeng'enya kingine, polimerasi. Ni hodari mno: katika E. coli hupita herufi (vijenzi vya DNA: A, T, G na C) kama 1,000 kwa sekunde. Ila haiwezi kuanza. Inachojua ni kuendeleza uzi uliokwisha kuanzwa na mwingine. Ukiiweka mbele ya uzi mtupu wa DNA, haifanyi lolote. Anayeanza ni primasi. Inatunga kipande kifupi cha RNA, kwa T7 herufi nne tu, polimerasi inashika ncha yake na kuondoka nayo. Baadaye ile RNA inaondolewa na pengo linajazwa DNA.

Saa 3. Nachanganya, na hapa ndipo ninapopapenda kuliko pote.

Primasi ya T7 haianzi popote tu. Inatafuta herufi tatu zilizofuatana, G, T, C, jambo lililojulikana tangu 1981. Ikizipata, inaweka A mkabala na T, kwa kuwa A huoana na T na C huoana na G, kisha inaelekea upande wa G na kuendelea. Kwenye DNA iliyoandikwa GGGTC, RNA inayotoka ni ACCC. Sasa tazama ile C ya mwisho. Hakuna herufi inayowekwa mkabala nayo. Haisomwi, hainakiliwi, wala haionekani popote kwenye RNA. Lakini ukiiondoa, primasi inapita kana kwamba hapakuwa na kitu. Inayohusika kuitambua ni sehemu ndogo ya primasi, mfano wa kijimkono, inayoshikilia chembe ya zinki kwa sisteini nne, aina mojawapo ya vijenzi vya protini.

Kwa hiyo mirija yangu ni hii: wa kwanza una GGGTC, wa pili GGGTA, wa tatu hauna DNA kabisa. Wa nne una GGGTC lakini primasi yake nimeibadilisha sisteini moja, ili zinki ikose pa kushikwa. Miwili iliyobaki ni marudio ya wa kwanza na wa pili.

Mwisho naongeza ATP, yaani A kabla haijaungwa, yenye fosforasi 32 inayotoa mionzi, nikiwa nyuma ya ngao nene ya plastiki. Fosfati yenye mionzi iko kwenye mkia wa ATP, na A inapoungwa nyuma ya herufi nyingine mkia huo hukatika. Ni A ya mwanzo pekee inayobaki na mkia wake. Kila kipande cha RNA kinatoka na alama moja, hivyo ukihesabu alama umehesabu mianzo.

Nyuzi 37, dakika 20, nasimamisha.

Saa 5. Jeli, utando laini ambao umeme huvipitisha vipande vya RNA na kuvitenga kwa urefu. Tundu moja limechanika nilipochomoa kitana, nimepoteza marudio ya mrija wa kwanza. Naendelea na mitano. Umeme ukishawashwa ni kusubiri saa tatu.

Katika kusubiri huko huwa nawawazia Reiji na Tsuneko Okazaki, mume na mke wa Chuo Kikuu cha Nagoya, Japani. Miaka ya 1960 walionyesha kwamba uzi mmoja wa DNA hunakiliwa vipande vipande, kwa sababu polimerasi huenda upande mmoja tu. Katika bakteria kila kipande kina herufi 1,000 hadi 2,000, na kila kimoja kinahitaji kuanzwa upya. Reiji alikuwa kijana Hiroshima bomu lilipoanguka. Alifariki 1975 kwa saratani ya damu, akiwa na miaka 44, na Tsuneko akaiendeleza kazi. Nikibandika beji yangu ya mionzi humkumbuka.

Saa 7 mchana. Simu ya shangazi kutoka Tanga, ambako ni saa kumi jioni.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

Nikamwambia bado. Akanigombeza kidogo, kisha akauliza kama kile kidudu changu kimekubali leo. Shangazi ni fundi cherehani Ngamiani tangu sijazaliwa, na hanisikilizi kwa adabu tu, anataka kuelewa. Nikamweleza ile RNA ya muda.

"Sasa hicho si kinapiga bandi? Bandi inashikiza tu, ukishapitisha cherehani unaifumua."

Nikamwambia habari ya C. Nikasikia cherehani imenyamaza.

"Hiyo ni chaki," akasema. "Mimi naweka alama ya chaki, sindano inaingia pembeni yake. Chaki haishonwi. Lakini ikifutika, sijui pa kuanzia."

Nimesoma makala nyingi juu ya herufi hiyo. Sijakutana na maelezo yaliyonikaa kama haya.

Saa 9. Jeli imetoka, nimeilaza chini ya bamba la kunasa mionzi.

Saa 12 jioni. Picha imefunguka kwenye skrini. Mrija wa kwanza una ngazi safi: AC, ACC, ACCC. Wa pili, GGGTA, mtupu, na marudio yake pia. Wa tatu mtupu, ndivyo inavyotakiwa. Wa nne una kivuli hafifu mno kwenye kimo cha herufi mbili, juu yake hakuna kitu. Kama kivuli hicho ni cha kweli, primasi isiyo na zinki bado inaweza kuunga herufi mbili, ila haijui pa kuziweka.

Nimepitisha kipima mionzi mikononi na mezani, hakikulia. Nimeandika daftarini: kesho mrija wa nne, mara tatu.