Aneti wa Babu

Babu yangu mzaa mama alikuwa keya. Vijana wa sasa neno hili hawalijui. Keya ni askari wa KAR, jeshi la Mwingereza la kabla ya Uhuru, na wazee wa Magomeni walilitamka kama cheo. Alikuwa mtu wa Tabora. Aliingia jeshini mwaka 1940, vita vilipokwisha akabaki Dar, akapata kazi ya ulinzi bandarini na kujenga nyumba ya vyumba sita Magomeni Mapipa. Mimi nimekulia humo.

Baada ya swala ya magharibi alikaa barazani na wenzake wawili, birika la kahawa katikati yao, nami nikipelekwa dukani kufuata kashata. Hadithi yake kubwa ilikuwa ya Bukini. Madagaska hakuiita Madagaska hata siku moja. "Tulikwenda Bukini kupigana na Mfaransa," alisema. "Tukamfukuza Aneti miezi miwili, kila tukifika tunaambiwa amehamia mbele." Nilikuwa na binamu anaitwa Aneth, kwa hiyo miaka yote ya utoto wangu niliamini kuna mwanamke Bukini aliyekimbizwa na jeshi zima, na nilimwonea huruma sana.

Mwaka 1991 nikiwa kidato cha tatu, mwalimu wa historia alichora safu mbili ubaoni. Huku Uingereza, Ufaransa, Urusi na Marekani. Kule Ujerumani, Italia na Japani. Niliinakili vizuri kwenye daftari. Jioni ile, mbele ya wale wazee wawili, nilimwambia, "Babu, umesahau. Mfaransa alikuwa upande wa Mwingereza. Tumefundishwa leo."

Alikiweka kikombe chini taratibu. "Mke wangu," akasema, kwa utani ule wa babu na mjukuu, ila uso wake haukuwa na utani, "mimi nilimwona." Akanyamaza. Tangu siku hiyo hadi alipofariki mwaka 1998 hakusimulia tena habari za Bukini mimi nikiwapo. Sikuwahi kumwomba radhi.

Miaka mitatu iliyopita nilikuwa Maktaba Kuu pale Bibi Titi nikitafuta jambo jingine kabisa. Nikafungua kitabu kinene cha vita, na kwenye ukurasa wa Madagaska nikakuta jina la gavana wa kisiwa: Armand Annet. Nililisoma kwa sauti, polepole, kama Babu alivyolitamka. Aneti. Ilinibidi nitoke nje nikasimame kidogo kwenye ngazi.

Tangu hapo nasoma kila ninachokipata. Haya ndiyo ningepaswa kujua jioni ile ya 1991.

Mwaka 1940 Ufaransa ilipasuka. Juni 22 serikali ya mzee Pétain ilitia saini kusitisha vita na Ujerumani, kisha ikahamia mji wa Vichy. Siku nne kabla ya hapo jenerali ambaye wengi hawakumjua, Charles de Gaulle, alikuwa amesema redioni kutoka London kwamba vita bado. Wafaransa wakawa na milango miwili ya kubisha hodi, na kila koloni likalazimika kuchagua. Chad ilikuwa chini ya Félix Éboué, mtu mweusi mzaliwa wa Guyana, naye akamfuata de Gaulle mwezi Agosti. Dakar ikakataa. De Gaulle na Waingereza walipoiendea kwa meli mwezi Septemba, walipigwa mizinga wakarudi. Djibouti ilibaki na Vichy, na Bukini vilevile.

Marafiki wa Ufaransa nao hawakukubaliana Mfaransa halisi ni yupi. Mwingereza alikuwa amezishambulia meli za kivita za Ufaransa kule Mers el-Kébir, bandari ya Aljeria, Julai 1940 zisije zikaangukia mikononi mwa Hitler. Mabaharia karibu 1,300 walikufa, na Vichy ikavunja uhusiano naye. Kwa hiyo yeye alimtunza de Gaulle London, akimlisha na kumnunia kwa zamu. Mmarekani aliweka balozi wake Vichy, Admirali Leahy, na Rais Roosevelt hakumwamini de Gaulle hata kidogo.

Kisha Japani ikaichukua Singapore, Februari 1942. Vichy ilikuwa tayari imewaruhusu Wajapani kuingia Indochina. Kama ingewaruhusu pia kuingia bandari ya Diego Suarez, kaskazini mwa Bukini, meli zote zilizozunguka Afrika Kusini kwenda Misri na India zingekuwa hatarini, na bahari hii yetu ya Dar ingekuwa uwanja wa vita. Smuts, waziri mkuu wa Afrika Kusini, alimhimiza Churchill aiwahi. Alfajiri ya Mei 5, 1942 Waingereza wakashuka, na baada ya siku mbili bandari ikawa yao.

De Gaulle hakuambiwa. Alikuwa akiwaomba kwa miezi kadhaa wamsaidie kukichukua kisiwa hicho, na alikuwa amelala palepale London, mji mmoja na Churchill. Saa tisa usiku simu ikalia. Aliyempigia alikuwa mtu wa shirika la habari, si wa serikali. Waingereza walikuwa na sababu yao: tangu Dakar waliamini kwamba askari wa Vichy wakimwona de Gaulle watapigana kwa uchungu zaidi. Naielewa hoja hiyo, ila siikubali. Mtu unayemtangazia dunia kwamba ndiye mshirika wako humfichi safari ya kwenda nyumba anayosema ni yake. Alikasirika hadi akamuuliza balozi wa Urusi kama Moscow ingempokea iwapo angeachana na Waingereza.

Lililoniumiza zaidi ni lililofuata. Baada ya kuitwaa Diego Suarez, Waingereza hawakuendelea. Walikaa wakijaribu kuelewana na huyohuyo Annet, wakiwa tayari kumwacha na ugavana wake ilmradi Wajapani wasiingie. Vichy ilimwamuru akatae, naye akavuta muda, akingoja mvua ziharibu barabara. Wakati wakipimana hivyo, keya walikuwa wamekwishafika kutoka Afrika Mashariki. Brigedi ya 22 ilikuwa na kikosi cha Nyasa, cha Kenya na cha kwetu Tanganyika, wa kwanza wa sita kwa jinsi Babu alivyokiita, yaani batalioni ya kwanza ya KAR ya sita. Mazungumzo yakagonga mwamba, na Septemba 10 wakashushwa Majunga, bandari ya magharibi mwa kisiwa.

Babu alisema Bukini mikono yake ilichubuka kwa mawe kuliko kwa bunduki. Mfaransa alijenga kuta za mawe barabarani, akaangusha miti na kuvunja madaraja. Kwenye mto Betsiboka daraja lilikatwa likaangukia maji mafupi, askari wakapita juu yake. Niliposoma habari hiyo nilimwona Babu barazani akionyesha kwa viganja viwili jinsi daraja lilivyolala majini: "kama mkeka uliokunjika." Aliwahi kusimulia pia kuhusu mateka mmoja, askari wa upande wa pili, aliyekaa chini ya mti huku akijigusa mdomo kwa vidole viwili kuomba sigara. Babu akampa. Walitazamana. "Mweusi kama mimi," alisema, "hajui Kiswahili, mimi sijui Kifaransa." Jeshi la Annet kwa sehemu kubwa lilikuwa Wamalagasi na Wasenegali. Sasa nikifikiria ile sigara moja na watu wawili wasio na hata neno moja la kuulizana nani kawaleta pale, nashindwa kuendelea kusoma kwa muda.

Tananarive, mji mkuu wa kisiwa, ilishikwa Septemba 23. Aneti akazidi kurudi kusini, kama Babu alivyosema, kila wakifika amehamia mbele. Mkataba wa kusitisha vita ulitiwa saini Ambalavao, Novemba 6, dakika moja baada ya usiku wa manane. Inasimuliwa kwamba alisubiri dakika hiyo makusudi: Waingereza waliingia Mei 5, na vita ikipita miezi sita askari wake wangestahili nishani na malipo zaidi.

Siku mbili baadaye Wamarekani walishuka Moroko na Aljeria, na huko wakapatana na Admirali Darlan, mkubwa wa Vichy waliyemkuta Algiers. De Gaulle akawekwa kando tena. Nadhani Waingereza walihitaji kitu cha kumtuliza, na Bukini ilikuwa mkononi. Desemba 14 Eden, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, na de Gaulle walitia saini makubaliano ya kumkabidhi kisiwa, na Jenerali Legentilhomme akapelekwa kukitawala. Siku kumi baadaye Darlan aliuawa kwa risasi Algiers, yakaanza mengine ya mrithi wake, Jenerali Giraud, ambayo sitayaingia leo.

Katika karatasi hizo zote, za Vichy, za London, za Washington, sijaona mahali Mmalagasi ameulizwa lolote. Marekani ilikuwa imeiambia Vichy tangu Mei kwamba kisiwa kitarudishwa kwa Ufaransa baada ya vita. Kikarudishwa. Machi 1947 Wamalagasi waliinuka kudai nchi yao, wakauawa kwa maelfu na hiyo Ufaransa huru ambayo Babu na wenzake waliibomolea kuta za mawe.

Mama alipohamia Mbezi alinipa sanduku la bati la Babu. Ndani mlikuwa na kipande cha tambi ya kibatari, kadi ya kazi ya bandari, na nyota ya shaba yenye pembe sita, katikati taji na herufi za Mfalme George wa Sita. Utepe ulikuwa umeoza. Niliipeleka kwa fundi cherehani Kariakoo, tukachagua pamoja vitambaa vitatu, buluu nzito, nyekundu na buluu ya mbingu, kila mstari sawa na mwenzake. Fundi aliuliza ni ya nini. Nikamwambia nyota hii walipewa waliopigana Bukini, na siku za Bukini zilihesabiwa kuanzia Mei 5 hadi Novemba 5, 1942.

"Bukini walipigana na nani?" akauliza.

"Na Mfaransa," nikamjibu. "Babu yangu alimwona."